Mguno wa Njia ya Busi

Naanza na aibu yenyewe, nisije nikaonekana naizungukazunguka: mimi ndiye yule mtu wa Dodoma aliyesimamisha maziko kule kijijini Busi, kaburi limeshachimbwa, shekhe ameshatawadha, watu wameshajipanga, jua linashuka, na sababu yake ilikuwa bomba. Nasema bomba la kuvutia hewa, lile linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele cha gari mpaka usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu na siyo maji ya mtoni wala vumbi la barabarani. Siku hizi magari mengi ya kupita porini yanalo na mafundi vijana wanalitaja kwa Kiingereza. Mimi wakati ule nililiita mkonga, na watu wa mtaani kwetu baadaye wakalipa gari zima jina ambalo nitalifikia.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mkasa hautaeleweka. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu mkono huu na kamusi mkono ule, na kwa njia hiyo nilifika mahali pa kutunza mashine ya kisima cha idara ya maji kwa miaka mingi bila kisima changu kukauka hata mara moja (nalitaja hili kwa sababu ndilo lililoniponza). Ulipofika wakati wa soko huria wakaanza kutupunguza kazini, nikapokea kiinua mgongo, nikaenda mnadani nikanunua gari kuukuu la dizeli, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye mlango nyuma na viti virefu vya pembeni. Nikawa nakodisha: leo napeleka mbolea Makutupora kwenye mizabibu, kesho naleta wasimamizi wa mitihani Chamwino. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu mapya.

Masika yakija, makorongo yote ya huku kwetu yanajaa kwa siku moja na kukauka kwa siku moja, na mwenye gari linalopita maji ndiye mwenye kazi. Nikaamua kuweka mkonga. Madukani kulikuwa na ya plastiki kutoka Dubai, ya mdomo mwembamba na ya mdomo mpana, na muuzaji akaniuliza injini yangu ina ukubwa gani ili anipe inayofaa, nami nikaona huyu anataka kuniuzia kubwa kwa sababu ndiyo ghali. Nikamwambia nitatengeneza mwenyewe. Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana mpaka leo hesabu ile inanipendeza kidogo. Bomba la kisima changu lilikuwa la chuma, la inchi moja na nusu, na lilinywesha kijiji kizima, watu na ng'ombe. Maji ni mazito na hewa ni nyepesi. Bomba linalopitisha kizito cha kutosha kijiji litashindwaje kupitisha chepesi cha kutosha injini moja? Tena mdomo mwembamba utaingiza vumbi kidogo. Kitabu cha gari kilisema shingo ya chujio la hewa ina upana wa inchi tatu, nikasoma, nikaona wenzetu wa Ulaya wana chuma kingi, wanakitumia vibaya.

Nikaweka bomba la inchi moja na nusu. Viungo nikavikaza kwa nyuzi za katani na rangi kama tulivyokuwa tukifanya kisimani, hata pumzi ya sisimizi isipenye, na bomba lenyewe nikalifunga kwa vyuma kwenye bati la paa lisitikisike. Nikaliwasha gari likiwa limesimama, likanguruma taratibu. Nikazunguka nalo mjini, ambako ni tambarare na mimi si mtu wa kukanyaga sana mafuta. Safi. Nikawaambia majirani, "Hili sasa linapita popote."

Miongoni mwa majirani hao alikuwa Mzee Omari na mkewe Bi Mwajuma, tuliotenganishwa nao na ukuta mmoja. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyeingia mjini akiwa kijana kutoka Busi, na kiharusi kilimchukua maneno yote kikamwachia mguno tu. Akimtaka mkewe aliguna, mguno mfupi, kisha mfupi mwingine, kisha mmoja mrefu unaoshuka mwishoni, mmh, mmh, mmmmh, na Bi Mwajuma hata angekuwa uani anafua angeitikia, "Nakuja, baba." Mguno ule tuliusikia kupitia ukutani asubuhi, mchana na jioni, mpaka nyumbani kwangu ukawa kama saa ya ukutani, unaisikia bila kuisikiliza.

Asubuhi moja ya masika haukusikika, na kabla ya saa nne tulikuwa tumekaa mkekani.

Hapo kukazuka mvutano. Mdogo wake marehemu, Hamisi, mkulima wa Busi aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, alitaka kaka yake akazikwe kwao, walipolala wazazi wao. Bi Mwajuma alitaka azikwe hapahapa mjini.

"Shemeji, kule ndiko kwao," alisema Hamisi.

"Kwao ni kwangu," alisema Bi Mwajuma. "Kule nitamfikia lini, mtu mwenye miguu hii? Hapa hata nikitambaa nafika."

Wazee wakasikiliza pande zote mbili, kisha wenye magari wakasema njia ya Busi haipitiki, korongo limejaa tangu jana, na shekhe wa msikiti wetu akaanza kusema basi, Mungu ameshachagua, azikwe mjini. Bi Mwajuma akashusha pumzi. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema kutoka kwenye kona ya mkeka, "Gari langu linapita."

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kusaidia, na nilitaka mkonga wangu uonekane, na mambo hayo mawili yakikutana ndani ya mtu ni vigumu kuyatenganisha. Hamisi akanishika mkono kwa mikono miwili. Bi Mwajuma akanitazama tu.

Baada ya swala ya adhuhuri tukaondoka. Marehemu ameshaoshwa, amevishwa sanda, yumo kwenye jeneza la msikiti lililofunikwa shuka la kijani, na jeneza tumelifunga kwa kamba kwenye ubavu wa gari lisiteleze. Hamisi na Bi Mwajuma walikaa nyuma kwenye viti vya pembeni, mmoja huku na mmoja kule, jeneza katikati yao, na kiti cha pembeni yangu kulikuwa na mchele na sukari ya matanga. Mjini hatukusikia chochote. Tukapita Makutupora, mizabibu imesimama kwa mistari, ardhi nyekundu imelowa, hakuna upepo, mawingu yametulia chini kama dari. Mbele ya hapo barabara inaanza kupanda. Nikaingiza gia ya kwanza, nikakanyaga.

Mmh.

Niliusikia juu ya kichwa changu na nyuma ya mgongo wangu kwa pamoja. Nikabadilisha gia, kukawa kimya kitambo cha kukanyaga klachi, nikakanyaga tena mafuta. Mmh. Nikaingiza gia ya tatu. Mmmmmmmh, mrefu, ukashuka mwishoni.

Nywele za kisogoni zilinisimama (sisemi hivi kuwapambia maneno, zilisimama, nilizishika). Mguu ukaondoka wenyewe kwenye mafuta na papo hapo kukawa kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mguno, kwa sababu kilikuwa kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa.

Nyuma nikamsikia Bi Mwajuma akisema kwa sauti yake ya kila siku, "Nakuja, baba."

"Simamisha gari, Fundi," alisema Hamisi.

Nikasimamisha. Hamisi akafunua shuka, akafunua sanda usoni. Mzee Omari alikuwa vilevile tulivyomwacha mkekani, pua imesimama, kope zimefungwa. Hamisi akavua saa yake akaweka kioo chake mbele ya pua za kaka yake, tukakitazama wote watatu. Hakikupata ukungu.

"Amekufa, shemeji," alisema.

"Nimemwosha mimi, najua amekufa," alisema Bi Mwajuma. "Sijasema yu hai. Nasema anaita."

Tukafunika, tukaondoka. Na tulipoondoka tu, kwa kuwa tulikuwa bado mlimani, gia ya kwanza mmh, gia ya pili mmh, gia ya tatu ule mrefu. Safari hii Hamisi aliweka kiganja juu ya jeneza, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria la moto. "Linatetemeka," alisema. "Ubao unatetemeka kwa ndani."

Nikasimama tena. Tulipokuwa tumesimama palikuwa kimya, na tukianza kwenda anaguna. Sasa mtu yeyote mwenye akili zake, na hasa mtu aliyefundishwa na vitabu, angejiuliza swali moja hapo: kwa nini marehemu anaguna gari linapopanda tu? Mimi sikujiuliza. Miaka yote ile nimesoma kwamba kila sauti ina chanzo chake, na siku moja niliyohitaji somo lile nilikuwa nasoma ayatul kursi, tena naikosea.

Bi Mwajuma ndiye aliyekuwa na maelezo, na maelezo yake yalikaa sawa kuliko yangu yote. "Hataki," alisema. "Tukisimama ananyamaza. Tukienda Busi anaita. Geuza gari, Saidi."

"Usigeuze," alisema Hamisi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Wakati huo, Hamisi ameinama tena juu ya uso wa kaka yake na kioo cha saa, akatokea mtu wa baiskeli nyuma yetu, akashuka, akavua kofia, akauliza kwa adabu ni nani ametutoka. Hamisi, badala ya kumjibu hilo, akamjibu lililokuwa kifuani mwake: "Anaguna." Yule mtu akatazama ndani, akatutazama mmoja mmoja, akavaa kofia yake, akapanda baiskeli, na sijapata kuona baiskeli ikipanda mlima kwa kasi namna ile.

Mimi sikugeuza. Nilikuwa nimesema mbele za watu kwamba gari langu linapita, na bado hatujafika kwenye maji yenyewe.

Tukafika korongoni. Maji yalikuwa mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu na matawi ya miti juu yake. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshavuka upande wa juu, kwenye mawe ya waenda kwa miguu, tuliona alama za tairi zikiishia hapo. Nikazima gari ili tusubiri yapungue. Hamisi akashuka na fimbo kwenda kupima kina, akatembea mbali kidogo kufuata ukingo. Bi Mwajuma alikuwa amelowa mvua wakati wa kupakia, akavua kanga yake ya juu akaitundika kwenye mlango wa nyuma ikauke. Kisha hakukuwa na jambo la kufanya. Hakuna ndege aliyelia. Maji yenyewe hayakuwa na sauti, yalikuwa yanapita tu.

Mmh, ikatoka nyuma. Mmh. Kisha ule mrefu, chini kabisa, umechoka, unaoshuka mwishoni.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Niliutazama, nikaona upo kiganjani kweli, hauko kwenye gari.

"Umesikia?" aliuliza Bi Mwajuma.

"Nini?" nikasema.

Nikanyoosha mkono nikawa narekebisha kioo cha ndani ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Hamisi akarudi akasema maji yamefika kiunoni na yanapungua, tukasubiri kidogo, tukaingia. Hapo lazima niutendee haki mkonga wangu: maji yalirukia mpaka juu ya boneti na injini haikunywa hata tone. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikaguna njia nzima ya majini kama mtu anayebebeshwa gunia, lakini ikatoka ng'ambo. Hilo ndilo jambo pekee bomba lile lilifanya vizuri siku ile.

Busi walikuwa wametusubiri, na mtu wa baiskeli alikuwa ametutangulia na habari. Siku nyingine ukifika na msiba unapokelewa na vilio, lakini siku ile tulipokelewa na kimya. Watu walikuwa wamesimama pande mbili za njia, wanaume huku, wanawake kwenye baraza ya nyumba ya Hamisi, na hakuna aliyesogea kubeba mpaka Hamisi aliposema, "Jamani, si ndugu yenu?" Wakalishusha jeneza, wakaliweka chini ya turubai uani. Mganga wa zahanati alikuwa ameshaitwa, akapiga magoti na vipimo vyake masikioni, akasikiliza kifua muda mrefu. Akasema, "Huyu amefariki tangu asubuhi."

"Asubuhi alifariki," alisema Bi Mwajuma kutoka barazani. "Saa nane akaniita."

Shekhe wa pale, mzee mwembamba wa maneno machache, akamgeukia Hamisi. Hamisi akasema alisikia. Akanigeukia mimi.

"Na wewe dereva, ulisikia?"

Nikasema, "Nilisikia, shekhe." Ndivyo nilivyosimamisha maziko, kwa maneno mawili ya kweli. Shekhe akatazama jua, akatazama jeneza, akasema hawezi kumfukia mtu ambaye watatu wanashuhudia wamemsikia, tukae kwanza mpaka nyoyo zitulie. Watu wakakaa. Nyoyo hazikutulia. Kila shuka la kijani lilipotikiswa na nzi, safu ya mbele ilirudi nyuma.

"Mama huyu amesemaje?" niliwasikia wazee wawili wakinong'ona karibu yangu.

"Anasema mzee hataki kuzikwa huku."

"Basi si arudishwe? Maiti akigoma utamlazimisha?"

Hamisi alikuwa amekaa chini, ameweka kichwa katikati ya magoti. Kama jua lingezama pale, wangemrudisha mjini kesho yake, na Hamisi angebaki kulaumiana na kijiji chake mpaka kufa. Barazani Bi Mwajuma alikuwa amekaa wima, ametulia, kama mtu aliyeshapewa alichokitaka na sasa anasubiri kifungwe tu.

Mtu mmoja akaja akaniambia gari langu limeziba njia ya makaburini, iwe inatumika leo au haitumiki ni vizuri nilisogeze. Njia ile ilikuwa inapanda. Nikapanda garini, nikawasha, nikaingiza gia, nikakanyaga.

Mmh.

Wote waligeuka. Kwanza walilitazama jeneza. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, mbali nami, limetulia. Kisha, polepole, kichwa kimoja baada ya kingine, wakanitazama mimi ndani ya gari tupu. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye mafuta, na gari likaendelea kuguna lenyewe, kwa sauti ya marehemu, mbele ya ndugu zake wote.

Safu ya mbele ikakimbia. Mtu mmoja wa nyuma, ambaye sikumwona, akasema taratibu, "Kumbe mzee mmemwacha garini."

Nikaondoa mguu, likanyamaza. Nikakanyaga, likaguna. Nikaondoa. Nikakanyaga. Na hapo, nikiwa nimechelewa nusu siku na safari nzima, kitabu kikafunguka kichwani mwangu ukurasa kwa ukurasa: bomba jembamba, injini inaomba hewa haipati, hewa inapita kwa nguvu inalia kama filimbi nene, bati la paa linaichukua sauti, ubavu wa gari unaichukua, kamba na ubao wa jeneza vinaichukua. Gia ya kwanza fupi, gia ya pili fupi, ya tatu ndefu. Nilishuka nikamwambia shekhe, "Ni bomba langu."

"Sijakuelewa."

"Nimeweka bomba dogo, shekhe. Gari linakosa pumzi, linaguna."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kulipa deni kwa maneno. "Rudia," akasema.

Nikarudi garini nikaligunisha. Shekhe akasogea. "Rudia tena, wa kule nyuma hawajasikia." Nikarudia. Wale waliokimbia wakarudi, wakaleta wenzao, wazee wakapisha njia kwa wenye masikio mazito, na mimi nikawa nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, jasho linanitoka, kama mtu wa sarakasi aliyekodiwa msibani. Mtu mmoja akauliza kama linaweza pia kukohoa, maana marehemu alikuwa akikohoa. Akanyamazishwa, lakini nilishasikia.

Kisha Bi Mwajuma akashuka barazani, akapita katikati ya wanaume, wakampisha. Akasimama mbele ya gari.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo, Bi Mwajuma."

"Linyamazishe, nione."

Nikavuta kile kishikio cha mkono kinachoongeza mafuta, gari likabaki linaguna lenyewe, nikapanda juu ya boneti mbele ya macho yote yale, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Viungo vyangu vya katani havikuvuja hata kidogo. Bomba likakinyonya kiganja, likakivuta mpaka nikahisi ngozi inaingia ndani, mguno ukapanda ukawa mwembamba, ukakatika, injini ikatikisika mara mbili, ikafa. Nyuma ya nyumba kuku alikuwa anaparua majani makavu, na uwanja mzima ulimsikia.

Bi Mwajuma alikaa kidogo ametazama juu, pale mkono wangu ulipokuwa. Akajifunika kanga kichwani, akarudi ndani. Shekhe akasema, "Haya, tubebe."

Tulimzika jua lingalipo. Alama ya mviringo ilikaa kiganjani mwangu siku kadhaa, nyekundu, safi, ya inchi moja na nusu kamili.

Kabla sijaondoka Bi Mwajuma aliniita mlangoni. Alikuwa ameshaanza eda, akaongea nami kutoka nyuma ya pazia, sikumwona.

"Saidi. Na kule korongoni?"

"Korongoni wapi?"

"Ulipokuwa umezima."

Nikatazama pazia. "Sikusikia, Bi Mwajuma. Labda ulikuwa upepo."

"Haya, mwanangu," alisema.

Mjini habari ilinitangulia. Gari langu likaitwa Marehemu. Watu walikuwa wakija mlangoni kwangu na nyuso za kazi kabisa, "Fundi, shikamoo, Marehemu yupo? Tuna safari ya Chamwino," na mteja mmoja akaniuliza kama nauli ni ileile hata asipoguna. Bomba nikaling'oa wiki ileile na kufanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo: upana ukiwa nusu, nafasi ya kupitia si nusu, ni robo. Nilikuwa nimelinyima gari robo tatu ya pumzi yake na kulibebesha msiba. Nikaweka la inchi tatu. Likapanda mlima wa Makutupora kimya, moshi mweusi ukaisha, na mafuta nayo yakapungua kutumika.

Bomba la zamani sikulitupa. Nilikuwa na hesabu moja iliyobaki, ile ya korongoni. Nikalifunga juu ya paa la nyumba, nikangoja upepo wa Dodoma, ambao hauchelewi. Likalia, ndiyo, lakini mluzi mwembamba, kama mtu anayepuliza chupa. Nikaligeuza kila upande. Siku ya upepo mkubwa lilipiga mluzi mpaka mke wangu akaniambia nichague kati yake na kile chuma. Halikuguna hata mara moja.

Eda ilipokwisha nikaenda Busi kumchukua Bi Mwajuma kumrudisha mjini. Alikaa mbele pembeni yangu, mkoba mapajani, mpaka tukafika korongoni. Kulikuwa kukavu, mchanga mweupe, nyayo za mbuzi.

"Zima," alisema.

Nikazima. Tukakaa. Palikuwa kimya, na safari hii kilikuwa kimya cha kawaida, chenye nzi na njiwa ndani yake.

"Siku ile kanga yangu niliitundika pale mlangoni," alisema. "Ilitikisika?"

Nilikuwa naikumbuka kanga ile vizuri kuliko nilivyotaka. Ilikuwa imening'inia wima, nzito kwa maji, pindo lake limetulia kama ubao.

"Haikutikisika."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Najua. Nilikuona machoni kwenye kioo." Akafungua mkoba, akaufunga tena. "Kwa nini ulinikatalia?"

"Sikuwa na maelezo yake, Bi Mwajuma. Mpaka leo sina."

"Mimi sikukuomba maelezo, mwanangu. Yale ya mlimani uliyaeleza, nikakubali, mtu akazikwa. Lile moja nilitaka mtu wa kusikia pamoja naye tu. Nimekaa eda nzima nalisikia peke yangu."

Akageuka, akasikiliza upande wa nyuma, kule jeneza lilikokuwa, kisha akasema, "Leo kanyamaza. Twende."

Tangu hapo nimejiwekea masharti na nimeyashika. Mtu akija kuniuliza mkonga wa upana gani unafaa gari lake, namwambia apime shingo ya chujio la hewa, asiweke chini ya hapo hata kwa unywele, na asisikilize mtu wa maji. Msibani nikikaa mkekani, nakaa na mdomo wangu, hata kama gari langu linapita. Bi Mwajuma nampeleka Busi kila anapotaka, bila nauli, na hanidai shukrani wala mimi simdai. Lakini pale korongoni, hata maji yakiwa mengi kiasi gani, hata abiria wakisema tusubiri yapungue, tutasubiri injini ikinguruma. Mimi pale sizimi gari.